Mpango wa Kuhama

Kabla hajawa meneja alikuwa mkunjaji wa shuka katika kiwanda kile kile cha dobi, na watu walimpenda. Alipokuwa meneja walianza kumheshimu, na hapo ndipo upweke wake ulipoanza.

Kiwanda kilifua shuka na taulo za hoteli, pamoja na mashuka na makoti ya hospitali kubwa ya mji. Kilikuwa ndani ya jengo la zamani lenye sakafu iliyolowa mwaka mzima na mvuke ulioning'inia darini kama wingu lisilo na pa kwenda. Miaka yote ile alisimama upande mmoja wa meza ndefu ya kukunjia, na upande wa pili alisimama mwanamke aliyemzidi umri, aliyeitwa Shangazi. Pale kiwandani hakuwa na mpwa hata mmoja. Aliitwa hivyo kwa sababu kila aliyegombana na mumewe, aliyeumwa jino au aliyetaka kuposa alipita kwake kwanza. Kukunja shuka kubwa ni kazi ya wawili: mnashika ncha, mnakung'uta, mnakutana katikati, mnaachana, mnakutana tena. Ukiifanya na mtu mmoja kwa miaka, unajua leo kaamkaje kabla hajafungua mdomo.

Meneja wa zamani alipostaafu, Mkurugenzi, aliyerithi kiwanda kutoka kwa baba yake pamoja na wasiwasi wote wa baba yake, alipita kati ya mashine akaja kusimama mbele ya ile meza. "Wewe ndiye unayejua kila kitu hapa kinakwendaje," alimwambia. "Panda juu."

Vigelegele vilisikika mpaka barabarani. Shangazi alichukua foronya safi akamfunga kichwani kama taji. "Mdogo wangu huyo!" alisema. "Sasa tutapewa viti tukae!"

Ofisi ilikuwa chumba cha kioo juu ya ngazi ya chuma. Kutoka pale aliona kila kitu na hakusikia chochote.

Kazi ya meneja, alikuja kugundua, ni kupanga. Aliye chini hudhani meneja anakaa na kuamrisha tu. Kumbe anakaa kuwaza mambo ambayo hayajatokea, na akishayawazia yote, yanatokea mengine. Mpango wake wa kwanza wa zamu aliuandika ubaoni kwa rangi tatu, akausogelea, akarudi nyuma, akautazama kama mtu anayetazama picha ya mwanawe. Haukumaliza wiki. Hospitali ilileta mizigo maradufu, mashine ya kukaushia ikagoma, mpiga pasi mmoja akafiwa. Fundi wa mitambo, mtu asiyeweza kupita mahali bila kuacha neno, alisimama mbele ya ubao akatikisa kichwa.

"Meneja, mipango si matumizi. Ubao ni mzuri, lakini mashine hazijui kusoma."

Alicheka, na alijifunza. Alijifunza kuacha nafasi kwenye mpango kama fundi cherehani anavyoacha kitambaa cha akiba kwenye pindo. Alijifunza kutoitegemea mashine iliyokohoa jana. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakulipangia, nalo ni kimya. Aliposhuka wakati wa chai, mazungumzo yalikatika kama bomba lililofungwa. Walimpisha kwenye benchi, lakini nafasi waliyompa ilikuwa kubwa mno, nafasi ya mgeni. Shangazi alianza kumwita "Meneja" kwa utani. Baada ya muda utani ukachuja kama rangi ya kitambaa duni, jina likabaki.

Asubuhi moja Mkurugenzi alipanda ngazi, akaingia, akafunga mlango. Hakuwa na kawaida ya kufunga mlango.

"Mwenye jengo analitaka jengo lake," alisema. "Msimu huu ukiisha tunahamia eneo la viwanda, kule ng'ambo ya mto."

"Wafanyakazi wote?"

"Wote. Sifukuzi mtu. Ila hakuna kujua mpaka hospitali isaini mkataba mpya. Wakisikia tunahama watadhani tutawachelewesha, na washindani wetu wako mlangoni wanasubiri. Nataka mpango kamili wa kuhama, bila kukosa kupeleka shuka hata asubuhi moja. Na nataka ukae kichwani mwako tu."

"Hata Shangazi nisimwambie?" Aliuliza kama mtoto, akajisikia vibaya kwa kuuliza.

"Hasa Shangazi. Ukimwambia yeye, umetangaza redioni."

Meneja alicheka, maana ilikuwa kweli. Mkurugenzi alipokwisha kushuka, kile kicheko kilibaki mdomoni mwake hakina ladha.

Kupanga kuhama kwa siri ni kama kumshonea mtu nguo bila kumpima. Alihitaji kujua nani anaishi wapi, nani anaweza kulala kazini siku za mashine kusafirishwa, nani ana mgonjwa nyumbani. Hakuweza kuuliza. Alimzunguka fundi kwa maswali ya mbali. "Hivi boila hili la kuchemshia maji, tukitaka kulisogeza..."

"Kulisogeza wapi?"

"Tuseme tu."

"Meneja," fundi alisema, akijifuta grisi, "boila si kitanda kwamba leo unalala ukiangalia mlango, kesho unaangalia dirisha." Akaenda zake akicheka, asijue kwamba aliyemwacha nyuma hakucheka.

Mpiga pasi mmoja, binti mpole asiyewahi kuomba kitu, alikuja kuomba ruhusa. Dada yake alikuwa anaolewa. Meneja aliangalia tarehe. Ndiyo wiki yenyewe ya kuhama.

"Wiki hiyo haiwezekani."

"Kuna nini wiki hiyo?"

"Sababu za kazi."

Alijisikia akiyatamka maneno hayo, maneno yale yale ambayo zamani yeye na Shangazi walikuwa wakiyabetulia mdomo kutoka kwenye meza yao. Binti alisema sawa, akashuka. Meneja alimwona kupitia kioo akifika chini, akizungukwa na wenzake. Nyuso zikainuka kutazama juu, kisha zikainama zote kwa pamoja.

Nyumbani aliishi na mama yake, ambaye masikio yake yalikuwa yamekwisha kuchoka. Jioni, wakila, siri ilimzidi.

"Mama, tunahamisha kiwanda."

"Kidonda?" Mama aliweka kijiko chini. "Kidonda gani? Kipake dawa, mwanangu, usikiache wazi."

"Kiwanda, Mama."

"Ndiyo, hicho hicho. Mimi nimekuambia siku zote, unasimama sana."

Basi akaendelea kumweleza, mashine zipi zitatangulia, zipi zitabaki zikifua mpaka mwisho, nani atakuwa wapi. Alieleza yote, na mama yake alimsikiliza kwa makini sana asisikie chochote. Huyo ndiye mtu pekee aliyeusikia ule mpango.

Siku chache baadaye Shangazi alipanda ngazi ya chuma, polepole, akishika reli. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa miaka ya kusimama. Alisimama mlangoni hakuingia.

"Meneja, nina dakika moja?"

"Shangazi, tangu lini unaniomba dakika?"

"Tangu ulipopata mlango."

Wakacheka kidogo, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu Shangazi aliketi kwenye kiti cha wageni. Uso ulikuwa unang'aa. "Nimepata nyumba. Vyumba viwili, hapa nyuma ya ukuta. Nikikohoa kule mtasikia huku! Kutoka ng'ambo ya mto kila alfajiri, mwenzangu, nimechoka. Si unaijua miguu hii? Na mjukuu wangu shule iko pale pale jirani."

Nyumba ya Shangazi ya ng'ambo, ile aliyotaka kuihama, ilikuwa hatua chache kutoka eneo la viwanda. Kiwanda kilikuwa kinamfuata Shangazi mlangoni kwake, na Shangazi alikuwa anakikimbilia huku.

"Na ile ya ng'ambo?"

"Naiachia. Imekwisha kupata mtu."

"Usiiachie bado."

"Kwa nini?"

"Subiri kidogo. Msimu uishe."

"Nyumba nzuri haimngoji mtu. Nisubiri nini?"

Neno lilimfika kwenye ncha ya ulimi. Aliangalia kupitia kioo, akaona vichwa vyote vilivyokuwa chini. Shangazi akishuka ngazi ile na uso uliobadilika, kila mtu atajua kabla ya chai. Hospitali itajua kesho.

"Subiri tu," alisema.

Shangazi alimtazama, ule mwanga usoni ukizimika taratibu. "Nilikuja kwa mdogo wangu nimshirikishe furaha yangu," alisema, akiinuka. "Sikuja kuomba ruhusa. Siku hizi hata pa kulala tunapangiwa zamu?"

Alipofika chini, Meneja alikuwa tayari ameshika simu. Alimwomba Mkurugenzi ruhusa ya kuwaambia watu, au angalau mmoja.

"Nikikuruhusu mmoja nimekuruhusu wote," Mkurugenzi alijibu. "Na ni muda mfupi tu umebaki. Nikuulize, dada, kwa wema kabisa: hospitali ikitukimbia, hao watu utawapangia zamu ya kufua nini?"

Laiti Mkurugenzi angekuwa mtu mbaya, ingekuwa rahisi kumkaidi. Lakini alikuwa mtu mwenye hofu tu, na hofu yake ilikuwa na mantiki.

Siku zilizofuata, kila alipomwona Shangazi akichechemea kwenda kwenye bomba, alijiambia leo, kisha kesho. Hatimaye, siku ya mapumziko, alipiga moyo konde. Mficha uchi hazai, alijisemea akivuka daraja; nitamwambia, naye atanyamaza, na asiponyamaza basi liwalo na liwe. Njiani alipanga hata maneno. Atasema, "Shangazi, kaa kwanza." Kisha atasema, "Usihame."

Alipokata kona alikuta gari dogo la mizigo mlangoni. Kabati lilikuwa limekwisha kupanda. Majirani walikuwa wanatoa masufuria na ndoo, na pembeni mpangaji mpya, mwanamke na watoto wake, walikuwa wamekalia mabegi yao wakisubiri chumba kiwe wazi. Shangazi alitokea mlangoni na mto kila kwapa. Alimwona, akaangusha mito yote miwili.

"Umekuja! Nilijua utakuja! Jamani, mwoneni mdogo wangu, meneja mzima, amekuja kunibebea vyombo!"

Mdomo wa Meneja ulikuwa wazi, maneno yakiwa tayari. Watoto wa mpangaji mpya walimtazama. Shangazi alikuwa amemkumbatia, na ilikuwa miezi mingi hajakumbatiwa na mtu yeyote isipokuwa mama yake.

"Haya, shika huku," Shangazi alisema, "godoro halibebwi na mtu mmoja."

Akashika.

Walifika nyumba mpya wakapanga vitanda, wakatundika pazia, likaanguka, wakalitundika tena wakicheka mpaka Shangazi akaketi sakafuni. Walikunywa chai juu ya sanduku. Tangu apandishwe cheo hakuwa amepata siku njema kama ile.

"Shangazi," alianza, "kuna jambo."

"La kazi?"

"La kazi."

"Basi liache nje ya mlango. Leo nina nyumba mpya."

Akaliacha. Na aliliacha kwa furaha, ndilo lililomtesa baadaye kuliko yote. Hakuna aliyemziba mdomo siku ile. Alionjeshwa urafiki kidogo, akashindwa kuuweka chini.

Hospitali ilisaini. Mkurugenzi alikuja, akasimama juu ya kreti la sabuni katikati ya sakafu, akatangaza. Meneja alisimama kando yake, mikono nyuma. Alimwona binti mpiga pasi akiinua macho kwake na kuelewa ni kwa nini alinyimwa ruhusa ya harusi ya dada yake. Fundi alipiga makofi mara moja. "Kumbe boila lina safari!" akasema, na watu wakacheka kwa kuchanganyikiwa, kila mmoja akianza kuuliza lake: na nauli, na watoto, na nyumba. Shangazi hakuuliza kitu. Alisubiri watu watawanyike ndipo akaja.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Siku ile uliponiambia nisubiri?"

"Nilijua, Shangazi."

Shangazi alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeonja kitu apate kujua kilichozidi. "Ulibeba godoro langu," alisema. Hakupaza sauti. "Ulishika upande wa kichwani, mimi wa miguuni. Tukapita mlangoni kwangu kwa mara ya mwisho, wewe ukitembea kinyumenyume unanitazama usoni. Na unajua."

"Nilikuja kukuambia. Siku ile, nilikuja kwa ajili hiyo."

"Ukaniambia nini?"

Meneja aliangalia mikono yake, ile iliyobeba godoro.

"Ningenyamaza, ujue," Shangazi alisema. "Watu wananiita redio. Lakini hata redio ina kitufe cha kuzimia. Hukujaribu hata kukibonyeza." Akageuka, akaenda kuvaa viatu vyake.

Jambo la ajabu ni kwamba mpango ule ulikwenda kama ulivyopangwa. Mashine za kwanza zilitangulia, za mwisho zikabaki zikifua, hospitali haikukosa shuka hata asubuhi moja. Katika mipango yake yote, huo ndio pekee uliotii. Mkurugenzi alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Jioni ile alirudi nyumbani na sifa zake, akawa hana wa kumpa ila mama yake.

"Tumemaliza kuhama, Mama. Kila kitu kimekwenda sawa."

"Kimepona?"

"Kimepona," alisema, na akaenda kuosha vyombo ili mama yake asimwone uso.

Kesho yake alimwendea Mkurugenzi akamtaka basi dogo la kuwachukua asubuhi wale wanaoishi upande wa mjini. Mkurugenzi alianza kuvuta pumzi ndefu, kama afanyavyo mtu anayetafuta njia ya kukataa.

"Ulinitaka nibebe, nikabeba," Meneja alimkatiza. "Sasa na wewe shika upande mmoja."

Basi likapatikana. Lilianzia nyuma ya ukuta wa jengo la zamani, mlangoni kwa Shangazi. Meneja alipanda vituo vichache baada yake, na kila asubuhi alisalimu, "Shikamoo, Shangazi," akajibiwa, "Marahaba, Meneja," kavu, iliyonyooka, haina kunjo hata moja. Kisha Shangazi aliangalia nje. Hakuwa mkorofi, na kazi yake haikupungua. Ila kama wakijikuta wawili tu kwenye korido, alikumbuka kitu alichosahau akarudi.

Mvua zilipoanza, Mkurugenzi alikuja tena. Jengo jipya halikuwa na ghorofa. Ofisi ya Meneja ilikuwa kona iliyozungushiwa mbao, karibu na mashine za kukaushia. Akavuta kiti. "Kuna habari," alisema kwa sauti ya chini, "ila hii ibaki..."

"Kama siwezi kuwaambia, usiniambie."

Mkurugenzi alimtazama, akatazama mbao, kana kwamba ndizo zilizosema.

"Sitapanga tena maisha ya watu nikiwa nimewafumba macho," alisema Meneja. "Tafuta mwingine kama ni lazima. Nitarudi kukunja shuka."

"Ni hoteli mpya," hatimaye Mkurugenzi alisema, akisugua paji la uso. "Kubwa. Inaanza mvua zikiisha. Haya, waambie."

Alitoka akawaita wote. Walikusanyika wakiwa na nyuso za watu waliozoea kutangaziwa mabaya. Akafuta ubao wa zamu wote, ukabaki mweupe.

"Kuna hoteli mpya inakuja," alisema. "Kazi itaongezeka karibu nusu. Sijapanga kitu bado. Nataka tupange pamoja. Kila mtu aseme linalomkwaza."

Hakuna aliyesema. Hata fundi alikuwa anaangalia kucha zake. Nyuma yake mvua ilipiga bati, na mashine moja ikamaliza mzunguko wake, ikanyamaza, na hapo kimya kikazidi. Alifikiria kusema basi, rudini kazini. Alifikiria kwamba huenda watu wanaweza kukufungia mlango polepole hivi kwamba unapokuja kuugonga umekwisha kuwa ukuta.

"Asubuhi nampeleka mjukuu wangu shule mwenyewe." Sauti ilitoka nyuma kabisa. Shangazi hakuwa anamtazama. Alikuwa anatazama ubao. "Basi linaondoka mapema, na mimi sina wa kumwachia. Jirani nimekwisha kumchosha. Zamu ya kwanza usiniweke."

"Sitakuweka."

"Andika."

Akaandika. Shangazi alisubiri mpaka amalize, kisha akaongeza, "Na si mimi peke yangu. Semeni basi, si mnalalamika kwenye basi kila siku?"

Binti mpiga pasi akasema lake. Mwingine akasema. Fundi akasema mashine ya tatu ya kukaushia haitavumilia mzigo ule, akapingwa, akapinga aliyempinga. Ubao ukajaa maandishi ya kupanda na kushuka, yaliyofutwa kwa kiganja na kuandikwa upya. Mara mbili mpango ulikwama wakarudi mwanzo, na hata walipotawanyika kulikuwa na zamu isiyo na mtu ambayo hakuna aliyeitaka. Meneja aliandika hapo kwamba atasimama yeye.

Shangazi aliondoka pamoja na wengine bila kuaga. Hakurudi kuwa alivyokuwa, si siku ile wala miezi iliyofuata, na Meneja aliacha kungoja. Yako mambo ambayo mtu huyapanga vizuri na bado humpita.

Wakati wa chai alikaa kwenye kona yake. Upande wa pili wa mbao walikuwa wanaongea, akasikia kicheko cha Shangazi, kile kinachoanza chini na kupanda. Hakujua wanamcheka nani. Labda yeye. Walijua yuko pale, mbao ni nyembamba, kikombe chake kilikuwa kinagonga meza. Hawakupunguza sauti. Akakunywa chai yake polepole, ikapoa kabla hajaimaliza, wao wakiendelea.